Kabla ya kuchomelea meza mpya: kupima kazi ya mkono kwa wabanguaji wa korosho

SWALI: Nasimamia kikundi cha akina mama wanaobangua korosho Newala. Wengine wako kwenye mashine za mpini na pedali, wengine wanamenya. Wengi wanalalamikia kidole gumba na kifundo cha mkono, na wawili wanasema vidole vinakufa ganzi usiku. Tumepata fedha kidogo, na fundi wa kuchomelea yuko tayari kututengenezea meza mpya. Kijana wangu anayesoma uhandisi ameniambia kuna programu za kompyuta zinazoiga mkono wa binadamu na kuonyesha meza ikae vipi. Je, nizitafute? Na fundi nimpe vipimo gani?

JIBU: Shikamoo mama. Mwambie fundi avute subira wiki mbili hivi. Vipimo vya meza nitakupa huko chini, lakini kwa jinsi ulivyoeleza maumivu, sidhani kama chanzo chake kikubwa kiko kwenye meza. Nashuku kisu cha kumenyea, na nyuma ya kisu nashuku tanuri. Nitakuonyesha kwa hesabu kwa nini, na hesabu zenyewe ndizo hizo modeli za mkono alizokuambia kijana wako. Nyingi hazihitaji kompyuta kabisa.

Kuiga mwendo wa mkono ni kazi ya zamani kuliko kompyuta. Mwanzoni mwa karne iliyopita huko Marekani, Frank na Lillian Gilbreth waliwafunga wafanyakazi vitaa vidogo mikononi, wakaacha lenzi ya kamera wazi, na mwendo mzima wa mkono ukatokea kwenye picha kama uzi wa mwanga. Waliigawa kazi yoyote ya mikono katika vipande vidogo: kufikia, kushika, kusogeza, kupachika, kuachia na kadhalika. Mwaka 1948 Maynard na wenzake wawili wakachapisha majedwali ya muda wa kila kipande, mfumo unaojulikana kwa kifupi kama MTM. Kizio chake huitwa TMU, na saa moja ina TMU 100,000, yaani TMU moja ni sekunde 0.036. Simu ya kawaida inarekodi picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha ya video ni sekunde 0.033. Karibu ni kitu kilekile. Ukiwa na simu na subira ya kusogeza video picha moja moja, tayari una maabara.

Tuchukue mkono wa kushoto wa mama aliye kwenye mashine, unaokwenda kuchukua korosho ghafi kwenye rundo. Majedwali yanasema kushika kitu kilichokaa peke yake, kinachoshikika kwa urahisi, ni TMU 2.0. Kukichagua ndani ya rundo ni 7.3 kama kinazidi inchi moja kila upande, na 9.1 kama ni kidogo zaidi. Korosho iko mpakani. Maana yake fundi akiwatengenezea mfereji wa bati unaoteremsha korosho moja moja hadi karibu na kisu, mnaokoa kati ya sekunde 0.19 na 0.26 kwa kila korosho. Kwa korosho 3,000 ni dakika 10 hadi 13 kwa siku. Si haba, lakini hakuna kidole gumba kilichopona kwa sababu hiyo.

Modeli ya pili ya muda ni ya Paul Fitts, ya mwaka 1954, na hii naipenda kwa sababu mtu anaweza kuitumia akiwa amesimama jikoni. Anasema ugumu wa kupeleka mkono mahali unategemea umbali ukilinganishwa na upana wa mahali penyewe: zidisha umbali kwa mbili, gawanya kwa upana, kisha hesabu unaweza kukata nusu mara ngapi hadi ufike 1. Bakuli la viini lenye mdomo wa sentimita 5, likiwa umbali wa sentimita 40, linatoa 16, na 16 hukatwa nusu mara nne. Sinia yenye upana wa sentimita 20, ikiwa umbali wa sentimita 20, inatoa 2, inayokatwa nusu mara moja tu. Katika majaribio ya Fitts kila hatua moja ya ugumu iligharimu takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hivyo badilisha vibakuli kwa sinia leo hii, hiyo haihitaji fundi. Na ukingo wake uwe mfupi. Tamar Flash na Neville Hogan walionyesha mwaka 1985 kwamba mkono ukiachiwa uhuru huenda karibu katika mstari ulionyooka, kasi ikipanda taratibu, ikifika kilele katikati na kushuka taratibu. Ukingo mrefu unaulazimisha mkono kupanda na kushuka kila safari.

Lakini angalia kitu ambacho modeli hizi zote zimenyamaza juu yake. Zinahesabu muda. Hazijui kama mkono unabana kwa nguvu au kwa ulaini, na hazijui kama kifundo kimenyooka au kimepinda. Viwandani nimeona mara nyingi sekunde zinazookolewa kwa njia hii zikirudi kwa mfanyakazi kama lengo jipya la uzalishaji, na mkono uliokuwa ukipumzika robo sekunde ukielekea kwenye bakuli unanyang'anywa hata hiyo. Kama akina mama wako wanalipwa kwa kilo, hakuna msimamizi wa kuwanyang'anya, watajinyang'anya wenyewe. Kwa hiyo tusiishie kwenye saa.

Sasa njoo kwenye meza ya kumenya. Tazama mikono ya mmenyaji kwa karibu: kiini kimebanwa kati ya gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeshika kisu kidogo chenye mpini mwembamba, gumba la kulia linasukuma, utando mwekundu unachubuka, kiini kinageuzwa, kisu kinarudi kwenye ule mkunjo wa ndani ambako utando hung'ang'ania. Korosho nzima za daraja la W320 huwa kati ya 300 na 320 kwa ratili, yaani takriban 660 hadi 700 kwa kilo. Mama anayemenya kilo 5 kwa siku ameshika viini kama 3,400. Tuseme kila kimoja kinahitaji kukwanguliwa mara nne. Hiyo ni mikwanguo zaidi ya 13,000, na kila mmoja gumba linabana.

Na kubana huko si kudogo kama kunavyoonekana kwa nje. Mwaka 1977 Cooney na Chao walipiga hesabu ya nguvu zilizomo ndani ya gumba mtu anapobana kitu kwa ncha za vidole. Kwa kila kilo moja inayobanwa nchani, kiungo cha chini kabisa cha gumba, kile kilicho karibu na kifundo, kinabeba takriban kilo 12. Sababu ni kwamba kano zinazovuta gumba ziko karibu sana na kiungo, kwa hiyo lazima zivute kwa nguvu nyingi ili ncha ipate kidogo. Basi waulize akina mama wako wakuonyeshe kwa kidole panapouma. Wengi wakishika hapo shinani mwa gumba, utajua tunazungumzia nini.

Ili kuunganisha nguvu, mkao na wingi wa mwendo katika namba moja, natumia kipimo cha mkazo cha Moore na Garg cha mwaka 1995. Kina mambo sita, kila moja lina namba yake, kisha unazizidisha zote. Kwa wamenyaji wako nakisia hivi, nawe utarekebisha ukishaona video: nguvu ni "ngumu kiasi", namba 3; mkono unabana kati ya nusu na robo tatu ya muda wa kila kiini, namba 2; mikwanguo inazidi 20 kwa dakika, namba 3; kifundo kimepinda kidogo, namba 1.5; kasi ya kawaida, 1; saa 4 hadi 8 kwa siku, 1. Jumla ya kuzidisha ni 27. Waandishi wa kipimo wanasema chini ya 3 kazi huenda ni salama, na kuanzia 7 kwenda juu huenda ni ya hatari.

Hapa ndipo meza yako inapoingia. Fundi akitengeneza meza nzuri kabisa, kifundo kikanyooka, ile 1.5 inakuwa 1. Mkazo unashuka kutoka 27 hadi 18. Bado ni zaidi ya mara mbili ya 7. Lakini ukiacha meza mbovu ileile ukapunguza nguvu ya kubana hadi "nyepesi", ile 3 inakuwa 1, na mkazo unashuka hadi 9. Fanya yote mawili, unapata 6. Ongeza zamu, mtu amenye kati ya saa 2 na 4 tu kwa siku, unazidisha kwa 0.75 na kupata 4.5. Ndiyo maana nimesema fundi asubiri: fedha yenu ni kidogo, na hesabu inaelekeza kwenye nguvu kwanza.

Nisikufiche udhaifu wa kipimo hiki. Hatua yake ya mwisho ya wingi wa mwendo ni 20 kwa dakika, kwa hiyo mwenye mikwanguo 25 na mwenye 50 wanapewa namba ileile, jambo ambalo si la kweli hata kidogo. Toleo lililorekebishwa la mwaka 2017 limeondoa ngazi hizo, nalo kijana wako anaweza kulihesabu kwa jedwali la kompyuta. Pia kipimo kinahusu kutoka kiwikoni kushuka chini. Hakisemi lolote juu ya bega wala mgongo.

Nguvu itapunguzwaje? Hapa ndipo ninapolitaja tanuri. Utando unaachia wenyewe kama viini vimekauka vizuri, takriban nyuzi 70 kwa muda wa saa sita hivi, hadi unyevu ushuke kutoka kama asilimia 6 hadi karibu na 3. Vikitoka vibichi, utando unashika na mama anakwangua. Vikikauka kupita kiasi vinavunjika mkononi, na kiini kilichovunjika bei yake unaijua. Kwenye matanuri madogo tatizo ninalolikuta mara nyingi ni trei: za juu zimeiva, za chini bado, na wamenyaji wote wanagawiwa kutoka beseni moja lililochanganywa. Jaribu hivi: kwa siku chache weka viini vya kila trei peke yake, mmenyaji mmoja amenye viini 50 kutoka kila trei, na mtu mwingine ahesabu mikwanguo. Kama trei moja inahitaji miwili na nyingine mitano, umeshapata dawa yenu: kuzizungusha trei ndani ya tanuri katikati ya ukaushaji. Modeli ya mkono imekupeleka kwenye moto. Hutokea hivyo mara nyingi katika kazi yetu, na wahandisi wengi hawapendi, kwa sababu hakuna kitu cha kuchora.

Baada ya tanuri, kisu. Mpini wa bati nyembamba unalazimisha vidole kubana zaidi ili kisu kisizunguke. Uchunguzi wa vifaa vya mkono vya madaktari wa meno, ambao nao hukwangua kutwa, ulionyesha kuwa mpini mwepesi wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 10 hupunguza nguvu ya kubana kuliko ule mwembamba. Tengenezeni vipini vya mti laini vya kati ya milimita 10 na 12, visu vinolewe kila asubuhi na tena mchana. Kisu butu hakionekani kwenye video, bali utakiona kwenye gumba. Na kama kuna mama anayetumia mkono wa kushoto, kisu chake kinolewe upande wake.

Kwa walio kwenye mashine hali ni tofauti. Pale mguu unabana ganda na mkono unalifungua kwa mpini, kwa hiyo mzigo mkubwa uko begani na kwenye kiganja kizima, si kwenye ncha za vidole. Kuna jambo moja ambalo watu hawalitazami: mafuta. Ili mafuta makali ya ganda yasiwaunguze, wengi hupaka mikono mafuta ya mbarika au majivu. Nguvu unayohitaji kukibana kitu kisiteleze hutegemea msuguano, na msuguano ukipungua kwa nusu, inabidi ubane mara mbili. Johansson na Westling walithibitisha mwaka 1984 kwamba vidole hufanya marekebisho hayo vyenyewe, bila mtu kufikiri. Hivyo mama aliyejipaka mafuta anaushika mpini kwa nguvu zaidi siku nzima, pasipo kujua. Sisemi aache kujikinga, ngozi kwanza. Nasema mpini ndio ubadilike: uwe wa mti usiong'arishwa, mnene wa sentimita 3 hadi 4, mrefu wa sentimita 12 ili usiishie katikati ya kiganja, na ufutwe kwa majivu makavu kila unapoteleza. Msiuzungushie kitambaa wala kamba ya katani, maana vitanyonya mafuta ya ganda na kuyarudisha mkononi.

Fundi anaweza kukushauri arefushe mkono wa mashine ili uwe mwepesi. Ni kweli. Kutoka sentimita 30 hadi 45 nguvu inapungua kwa theluthi moja. Lakini njia ya mkono nayo inarefuka kwa nusu, na kama mwisho wa njia hiyo uko juu ya bega, umehamisha maumivu kutoka kiganjani kwenda begani. Kubali urefu ambao mama mfupi kuliko wote anaweza kuuvuta wote bila kunyanyua kiwiko hadi usawa wa bega.

Nirudi kwa programu za kijana. Zipo za aina mbili. Moja ni zile kubwa za viwandani, zinazomweka mtu wa bandia mbele ya mashine ya bandia. Jack, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ndiyo maarufu. Ni nzuri, ni ghali, na miili iliyomo ndani yake kwa sehemu kubwa imechukuliwa kwenye vipimo vya wanajeshi wa Marekani. Mama wa Newala aliyeketi kwenye kigoda hayumo. Aina ya pili ni za bure zinazotambua mkono kwenye video, kama MediaPipe ya Google, inayoweka alama 21 kwenye kila mkono. Hii mwache aicheze. Itampa pembe ya kifundo na wingi wa mwendo kwa urahisi kuliko kuhesabu kwa macho. Ila asiiamini kwenye vidole vinavyofichwa na kisu. Mikono ya watu hujikunja kwa mitindo michache inayofanana. Santello na wenzake waliona mwaka 1998 kwamba mitindo miwili tu inaeleza zaidi ya asilimia 80 ya tofauti za mikao ya kushika vitu. Hivyo kompyuta inaweza kukisia kidole isichokiona na kukichora vizuri ukaamini. Na hakuna kamera inayoona nguvu. Nguvu waulize wenye mikono: kutoka 0, hakuna kabisa, hadi 10, mwisho wa uwezo wangu, kiini hiki kimekugharimu ngapi? Uliza asubuhi na uliza saa tisa mchana, na mtu aulizwe peke yake, asisikie jibu la jirani.

Video yenyewe ichukuliwe kutoka juu na kutoka upande, dakika tano kila mama, siku ya kawaida. Ukitangaza kuwa utapima, kila mtu atakuwa hodari. Lakini usichukue bila ridhaa yao, na waambie mapema kuwa hazitatumika kumpima nani mvivu.

Vipimo vya meza, sasa. Wapime wenyewe, wakiwa wameketi kwenye viti wanavyotumia: kutoka kitini hadi kiwiko kilichokunjwa, na kutoka kiwikoni hadi ncha ya gumba. Uso wa meza ya kumenya ukae sentimita 5 hadi 10 juu ya kiwiko, kwa sababu ni kazi ya macho, na mbele pawe na nafasi ya kulaza mkono. Ukingo usiwe chuma cha pembe kinachokata mkono. Uwe mti uliolainishwa. Sinia na viini visivyomenywa vikae ndani ya urefu wa mkono wa mwenye mkono mfupi kuliko wote, kiwiko kikiwa ubavuni. Nafasi ya magoti ifuate mwenye miguu mirefu kuliko wote. Kwenye mashine, mpini ukiwa katikati ya mwendo wake uwe usawa wa kiwiko.

Zamu zipangwe kwa kuangalia misuli: kutoka kumenya mtu aende mashine au kuchambua madaraja, asitoke kumenya akaenda kuchokoa viini kwenye maganda, maana ni gumba lilelile.

Wale wawili wenye ganzi usiku usiwaweke wasubiri majaribio haya. Ganzi kwenye gumba, shahada na kidole cha kati ni dalili ya neva iliyobanwa inapopita kwenye kifundo, na ikichelewa misuli ya shina la gumba hunywea. Waende hospitali, wataje kazi wanayoifanya na ni saa ngapi kwa siku, na kwa sasa waondoke kwenye kisu. Kama wameajiriwa rasmi, ugonjwa unaotokana na kazi unahusika na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa hiyo karatasi za daktari zitunzwe.

Fundi mwite baada ya majaribio ya trei. Mwagize meza moja tu kwanza, miguu iwe na matundu ya bolti kila sentimita 3 ili iweze kupandishwa na kushushwa, wakae juu yake mama mfupi na mama mrefu kwa wiki nzima kila mmoja, na ndipo mkate chuma cha zilizobaki.